Yai la jiwe: wachimbaji wa mwaka 5000 watasema tuliabudu nini? (uzi mrefu)

PatasiButu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mchongaji hapa Nakuru, na kazi yangu kubwa ni jiwe la Kisii linaloletwa na lori kutoka Tabaka. Leo siuzi kitu. Nimesoma vibandiko vingi vya makumbusho na vitabu vya mambo ya kale, na nimeona kila kitu ambacho hakijulikani kazi yake kinaitwa "cha matambiko". Mimi ninatengeneza vitu visivyo na kazi kila siku, kwa hiyo jambo hili linanihusu.

Hebu niwaeleze jinsi yai linavyozaliwa. Unaanza na twiga. Twiga wa jiwe ni kazi ya roho mkononi, maana shingo ni nyembamba na jiwe la Kisii lina mishipa usiyoiona mpaka ulimwagie maji. Tupa ikipita pale pabaya, tap! kichwa kiko chini. Jiwe halitupwi, ni pesa. Kiwiliwili kilichobaki unakifanya tembo. Tembo akikatika mkonga, unampunguza miguu, anakuwa kiboko. Kiboko naye akipasuka mgongo, unamzungusha kwa msasa wa maji hadi awe yai. Unampaka nta, anang'aa, anaenda dukani Kisumu au Nairobi, na kutoka huko anapanda ndege.

Sasa mwaka 5000 atatokea profesa. Atakuta mayai Nakuru, Kisumu, Mombasa, Hamburg. Hayana tundu wala mpini, hayasagi, hayapimi. Ataandika: watu hawa waliabudu yai, ishara ya uzazi, na dini yao ilienea kutoka Bonde la Ufa hadi Ujerumani. Karakana yangu itakuwa hekalu na mimi nitakuwa kuhani mkuu.

Swali langu kwa wanaojua: kati ya vile vilivyofungiwa kwenye kabati za vioo, vingapi ni twiga aliyevunjika shingo?

JiraniWaMenengai

Kuhani mkuu, hahaha. Naweka kiti hapa.

NyarYala

PatasiButu umenigusa. Mimi ni mfinyanzi, nyumbani ni Siaya, na Urewe ni huku kwetu. Vyungu vya kale vya Urewe vilielezwa kitaalamu mwaka 1948, kwenye andiko lenye majina ya akina Leakey wawili, wale watafiti wa mambo ya kale, na Owen, yule mmishenari aliyekuwa akikusanya vitu vya kale sehemu hizi. Vingi vina kibonyeo kitakoni, kana kwamba mtu alisukuma kwa kidole udongo ukiwa bado mbichi. Vya aina hiyo vimeonekana Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo mashariki na kule Buhaya, na vya zamani vina zaidi ya miaka 2000. Kazi ya kibonyeo ni nini? Wasomi hawajakubaliana.

Mimi nikikitazama naona mkono. Kitako cha chungu huwa kinene kuliko ubavu. Udongo mnene ukiingia motoni na unyevu ndani, unalipuka, na wakati mwingine unaondoka na wenzake watatu. Ukibonyeza katikati unapunguza unene, na unapokibeba kibichi kidole kinapata pa kushika. Tena chungu chetu hakikai mezani, kinakaa kwenye kata au juu ya mafiga, kwa hiyo kibonyeo hakimsumbui mtu. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema ningeanzia hapo kabla sijawaita mizimu.

PatasiButu

Dada NyarYala, hapo sasa! Mkono kwanza, mungu baadaye. Ndiyo hoja yangu yote.

Chukueni ile sanamu ya mwanamke mnene wa Willendorf, aliyechimbuliwa Austria mwaka 1908. Ni wa chokaa, urefu wake sentimita 11 na kidogo, anaenea kiganjani. Kapakwa rangi nyekundu, kichwa kimezungushiwa misokoto, hana uso, hana nyayo, hawezi kusimama mwenyewe. Wamemwita mungu wa uzazi tangu azaliwe mara ya pili. Kuna mtafiti, McDermott, aliyekuja na wazo mwaka 1996 kwamba sanamu za aina ile zilichongwa na wanawake waliokuwa wakijitazama wenyewe kutoka juu. Inamisha kichwa ujione: kifua kikubwa, tumbo, kisha miguu inayokonda hadi kupotea. Uso wako huuoni kamwe. Wengi wamempinga, lakini mimi nililipenda wazo hilo siku ile ile, kwa sababu lilimpa mchongaji shingo na macho. Kabla ya hapo alikuwa hewa tu iliyotawaliwa na dini.

Na mimi ninaongeza langu la utani: huenda jiwe liliisha kabla ya nyayo. Msicheke, hutokea. Unaanza na kichwa, unakipenda, unakipa nafasi kubwa, ukifika chini umebakiwa na unene wa kidole.

MwikoNaBrashi

Nimesoma kimya, sasa nimeshindwa. Mimi nilianza kama kibarua wa kuchekecha udongo kwenye machimbo upande wa Homa Bay, baadaye nikaenda kuyasomea. Mkuu PatasiButu, utani wako ni mtamu lakini una shimo.

Hatusomi kitu peke yake. Tunasoma kitu pamoja na kilicholala nacho: udongo gani, kina gani, karibu na nini. Tukichimba karakana yako, yai halitakuwa la kwanza kuonekana. Tutakuta vumbi la jiwe limeganda sakafuni, vibanzi, meno ya msumeno, na rundo la vichwa vya twiga. Mtu mwenye akili timamu atapanga vichwa upande mmoja na mayai upande mwingine, atatafuta vilivyovunjika nusunusu katikati, na kabla ya chai ya saa nne siri yako imefichuka. Takataka zako zitakusaliti.

Mfano wa kwetu ni Nyayanga, rasi ya Homa. Taarifa yake ilitoka mwaka 2023: zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa, na meno mawili ya Paranthropus, jamaa wa kale wa binadamu. Uliona mahali popote wakitaja tambiko? Walitazama mawe kwa hadubini, wakaona yalivyolika, wakasema yalikata na kuponda, nyama na mimea. Basi. Na pale Kanjera Kusini, miaka milioni 2 iliyopita, mawe mengine yalibebwa zaidi ya kilomita 10 kwa sababu yale ya mbali yalikuwa magumu na yalishika makali kuliko ya karibu.

PatasiButu

Hilo la Kanjera limenifurahisha kuliko yote. Menengai iko hapo nyuma na mawe yake meusi ya bure, na bado ninalipa lori kutoka Tabaka. Kuchagua jiwe ni nusu ya kazi, na kumbe tuliianza kabla hatujawa watu sawasawa.

Lakini Mwiko, umenijibu bila kujua. Unasema takataka zangu zitanisaliti. Sawa, zitabaki Nakuru. Yai liko Hamburg! Atakayelikuta huko hatakuta hata kibanzi kimoja cha twiga. Ataona yai limelala peke yake kwenye chumba kizuri, juu ya kitambaa, karibu na picha za ukoo. Hapo ndipo dini inapoanzia.

MwikoNaBrashi

Hapo tumekutana. Na ndiyo sababu sisi hulia kitu kikichomolewa mahali pake. Fikirieni kichwa cha Luzira, ng'ambo ya ziwa letu. Kilitokea mwaka 1929 kwenye kilima cha gereza, karibu na Kampala, kikiwa vipande vya udongo uliochomwa. Waliokigonga kwanza walikuwa kwenye kazi za gereza, si wachunguzi. Sasa kiko British Museum, uso wa ajabu kabisa, na sanamu za kale za namna hiyo ni chache mno Afrika Mashariki. Kila mtu anatamani kujua kilisimama wapi na kilitazama nini. Udongo uliokuwa na jibu ulipigwa jembe.

Mbaya zaidi ni Zimbabwe Kuu, yale magofu ya mawe. Sanamu zao za ndege ni za jiwe la sabuni, PatasiButu, ndugu wa jiwe lako. Wakoloni hawakutaka kukubali kwamba Mwafrika alijenga pale. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Richard Hall aliondoa tabaka zima la udongo akidai anasafisha uchafu wa Waafrika waliokuja baadaye. Uchafu huo ndio uliokuwa ushahidi. Gertrude Caton-Thompson alipochimba mwaka 1929 alitafuta sehemu ambazo hazijaguswa, na akasema bila kupepesa kwamba ni kazi ya Waafrika. Kwa hiyo tunapodai tabaka si ukaidi wa kitabuni.

OhingaBoy

Na Thimlich Ohinga je? Kwetu Migori tumekulia na zile kuta. Zimeingia orodha ya UNESCO mwaka 2018, zina miaka kama 500, na hakuna saruji wala tope kati ya mawe. Wageni huuliza kama ni ngome ya vita au zizi la ng'ombe. Babu alikuwa akijibu: "Ng'ombe akiwa ndani na adui akiwa nje, tofauti ni nini?"

PatasiButu

Babu yako angekuwa profesa mzuri. Mimi niliingia pale nikatazama jinsi ukuta ulivyopangwa tu. Uso wa nje wa mawe, uso wa ndani wa mawe, na katikati wamejaza mengine yanayoshikanisha nyuso zote mbili. Mawe hayafanani hata mawili, yote ni ya ovyo, na bado ukuta mahali pengine unazidi mita 4. Pale kwenye mlango kuna mawe marefu yamelazwa juu kama mbao, na mlango wenyewe ni mfupi, unaingia umeinama. Nilimwona fundi akilini mwangu: ameshika jiwe, analigeuza mara mbili, analirudisha chini, anachukua jingine. Hata mimi ninageuza hivyo hivyo. Utafiti gani unapima kule kugeuza?

MamboYaKitMikayi

Na Kit Mikayi, lile "jiwe la mke wa kwanza", mchongaji wake nani? Mbona hamumsemi?

MwikoNaBrashi

Mvua, jua na nyufa za mwamba. Hajawahi kulipwa.

PatasiButu

Ila walioutazama ule mwamba wakamwona mke wa kwanza, nao wamefanya nusu ya uchongaji. Kuna kijiwe chekundu cha Makapansgat, Afrika Kusini, kilichookotwa pangoni mwaka 1925. Hakijachongwa na mtu, lakini kina macho na mdomo, na kilikuwa mbali na mahali mawe ya aina yake yanapopatikana. Inadhaniwa kiumbe wa kama miaka milioni 3 iliyopita alikiona, akakipenda, akakibeba. Sanamu ya kwanza duniani huenda ilikuwa ni kuinama tu na kuokota.

SokoMjinga

Wasomi wenu si wanadanganyika kirahisi? Mnakumbuka Livorno, Italia, mwaka 1984? Walikuwa wakitafuta mferejini vichwa vya mawe ambavyo msanii Modigliani inasemekana alivitupa. Wakatoa vitatu, wataalamu wakatokwa machozi, magazeti yakajaa. Kumbe kimoja kilichongwa na wanafunzi watatu kwa keekee ya umeme, na viwili na msanii mwingine. Wanafunzi wakaenda kuonyesha kwenye televisheni jinsi walivyofanya. Na Banksy, yule msanii wa mitaani, mwaka 2005 alibandika kipande cha mwamba ndani ya British Museum, mtu wa kale anasukuma kitoroli cha supamaketi. Kilikaa siku kadhaa kabla wenyewe hawajashtuka!

PatasiButu

Michelangelo naye akiwa kijana alichonga Cupid, mungu mdogo wa mapenzi, akiwa amelala, akamzeesha, akauzwa kwa kadinali kama wa kale. Alipokamatwa hakupoteza kitu, alipata jina. Ndiyo maana msimwamini mchongaji moja kwa moja, hata mimi.

Lakini huyo huyo Michelangelo ndiye shahidi wangu mkubwa. Mwaka 1506 walifukua Roma sanamu ya Laocoön, yule kuhani anayenyongwa na nyoka pamoja na wanawe. Mkono wa kulia haukuwepo. Wengi wakasema ulinyooka juu kishujaa, na kwa karne nyingi akabandikwa mkono ulionyooka. Inasimuliwa kwamba Michelangelo alisema la, umekunjwa kurudi nyuma begani. Mwaka 1906 Ludwig Pollak, mtaalamu wa vitu vya kale, akaukuta mkono kwenye uwanja wa mafundi wa ujenzi hapo hapo Roma. Umekunjwa! Ukarudishwa mahali pake katikati ya karne ya 20. Waliounyoosha walitaka shujaa, na aliyeukunja alitazama misuli ya kifua na mbavu, akaona bega limevutwa upande gani. Ningemwuliza mtu wa namna hiyo kabla ya kubandika.

NyarYala

Jamani niulize la motoni. Dolní Věstonice, nchi ya Cheki, kuna maelfu ya vipande vya vinyago vya udongo vya zaidi ya miaka 25,000, wanyama na watu, vingi vimelipuka. Mwaka 1989 watafiti waliandika kwamba huenda vililipuliwa makusudi, kwamba mlipuko wenyewe ndio uliokuwa tukio, maana udongo wa kule haupasuki kirahisi, labda uutie motoni ukiwa umelowa.

Nimecheka peke yangu. Nikichoma vyungu hapa nyumbani watoto wa jirani hunijia na ng'ombe zao za udongo, pembe zote, wanazitupa motoni mbichi kabisa. Paa! Wanaruka, wanashangilia, wanakimbia kufinyanga nyingine. Na kile kinyago maarufu cha mwanamke kilichotoka huko huko kilipopigwa picha za ndani kikakutwa na alama ya kidole cha mtoto. Sasa huo mlipuko ni ibada au ni watoto?

MwikoNaBrashi

Mama, kwani haviwezi kuwa vyote viwili? Lakini hapo sikupingi. Watoto tumewasahau sana. Kila kitu kidogo tunakipa mungu mdogo, kumbe mwenye nacho alikuwa na miaka saba.

Ila nirudi kwenye kibonyeo chako cha Urewe. Kama ni ufundi tu wa kuzuia mlipuko, mbona vyungu vingine vya Urewe havina na vilichomwa vizuri?

NyarYala

Nyanya yangu alinifundisha kuviringisha kamba iliyosokotwa shingoni mwa chungu kikiwa kibichi, kiwe na mistari. Nilimwuliza ni ya nini. Akasema chungu kisichokuwa nayo kiko uchi. Sikuuliza tena na mimi ninaviringisha mpaka leo. Hiyo utaiandika wapi? Haipiki, haiombi, na ukiiacha wanunuzi wazee wanakutazama vibaya.

MwikoNaBrashi

Tunaiandika "mtindo" na tunatumai hakuna atakayeuliza zaidi.

Sasa niwatetee wa matambiko kidogo. PatasiButu uko Nakuru, basi pango la Mto Njoro liko karibu nawe. Akina Leakey walilichimba mwaka 1938, wakakuta watu waliochomwa na kuzikwa, wengi wao wakiwa na bakuli la jiwe, mchi na jiwe la kusagia, na shanga za mawe mazuri. Ni kama miaka 3000 iliyopita. Na Hyrax Hill, pale Mary Leakey alipochimba mwaka 1937 na 1938, wanawake walizikwa na sahani za mawe, wanaume bila. Hilo nalo ni jiwe lililoisha?

PatasiButu

Hapana, hayo ni mazishi na nayaheshimu. Ila niseme la mchongaji. Bakuli lilikuwa bakuli kabla ya kuwa la marehemu. Kuchimba tumbo la jiwe kwa jiwe jingine bila patasi ya chuma, ubavu usitoboke, ni kazi ya mtu ambaye amesamehewa kuchunga ng'ombe. Nani alimsamehe? Nani alimlisha? Mtu simba wa Ujerumani, ile sanamu ya pembe ya ndovu wa kale iliyokutwa vipande vipande mwaka 1939, mtu alijaribu kumchonga upya kwa zana za gumegume na ikamchukua zaidi ya saa 300. Hapo siwezi kusema ni utani wala ajali. Lakini swali langu la kwanza bado si mungu gani. Ni nani aliyemletea chakula saa zote hizo, na kama alilalamika.

Na kuna vile vishimo vya bao vilivyochongwa mwambani Hyrax Hill. Vile ninavipenda sana. Mtu alikaa akagonga mwamba shimo baada ya shimo ili acheze tu na mwenzake. Huko Kisumu si ndiyo mnaiita ajua?

OhingaBoy

Ajua kabisa. Ila mwaka 5000 watasema ni kalenda.

JiraniWaMenengai

Mleta uzi, sasa fanya jambo moja. Chimba shimo usiku kule karibu na Hyrax Hill, ufukie mayai yako yote mabovu, tuwasumbue wajukuu.

MwikoNaBrashi

Asithubutu! Pale ni eneo la urithi, linalindwa, na kuchimba bila kibali ni kosa chini ya sheria ya makavazi na urithi ya mwaka 2006. Afukie nyuma ya karakana yake. Na kama ni muungwana aweke sarafu ya mwaka huu chini ya shimo. Wachimbaji wengi hufanya hivyo kabla ya kurudisha udongo, ili atakayekuja ajue hapa mtu alishapita.

PatasiButu

Nimepata bora kuliko kufukia. Wiki hii nimefunga kila yai pamoja na kichwa cha twiga aliyelizaa, kwenye kisanduku kimoja, ili takataka isafiri na mwanawe hadi Hamburg. Mwenye duka la Kisumu alikataa katakata, eti mgeni hanunui kitu kilichovunjika. Nikamwachia vichache kwa mali kauli.

Leo amepiga simu, anataka vingine, na vichwa viwe vingi. Hapo hapo akampa simu mteja aliyekuwa dukani. Mteja anauliza kichwa kilichokatwa kinaashiria nini katika mila zetu. Nikamwambia kinaashiria kwamba kijana wangu wa tupa alikuwa anaongea na simu. Akacheka sana, akanishukuru, kisha akauliza tena, polepole, safari hii kwa heshima.

NyarYala

Ukamwambia nini?

PatasiButu

Bei.